Shavu Lisilosikia Wembe

Zaituni amezikwa Magomeni, mwezi wa Shaabani, nami nilikuwa miongoni mwa waliotia udongo kaburini. Hakuna aliyeniuliza nimemjulia wapi. Mzee wa umri wangu akionekana msibani huhesabiwa kuwa jamaa wa mbali, akapewa kiti na kikombe cha kahawa. Nikiwa nimekaa pale chini ya turubai, nilimsikia mwanawe mkubwa, Idi, akimweleza jirani habari za marehemu: kwamba mama aliionja tabu mapema, kwamba baba yake alifariki yeye angali msichana, wala hakujaliwa kumwozesha. Jirani akasema, "Maskini." Nikakiweka kikombe chini. Huyo baba nilimnyoa ndevu kila Ijumaa kwa muda wa karibu mwaka mzima, na siku binti yake alipoolewa alikuwa hai, amekaa kitandani kwake, akingoja nirudi nimpe habari. Nilivumilia mpaka arobaini ikapita, kisha nikamwita Idi kwangu nikamweleza yote. Hakunikatiza hata mara moja. Mwisho akasema, "Yaandike, mzee. Ila majina uyabadilishe, kuna watu bado wanaishi." Nimeyabadilisha.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi niliyoipata ilikuwa ya udresa, yaani kusafisha na kufunga vidonda, katika kambi ya wagonjwa wa ukoma iliyokuwa ndani ya mikorosho, kando ya njia iendayo Kiwangwa. Kutoka Bagamoyo mjini ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Nilipanga chumba mjini kwa Bi Tatu, mjane mmoja mtu wa watu, na nilimwambia kwamba mimi ni karani wa bohari ya korosho. Sikuona kuwa ni uongo mkubwa. Njia ilikuwa hiyo hiyo, na mikorosho ilikuwepo. Jioni nilikula barazani pamoja na wanawe, tukichovya mkate wa kumimina kwenye mchuzi wa papa sinia moja, na kila nilipopeleka mkono katika sinia nilikuwa nimeshausugua kwa sabuni ya magadi hadi ngozi inawasha. Nilikuwa na hofu. Nesi Felista, mwanamke wa bara aliyekuwa msimamizi wa kambi, alinieleza siku ya kwanza kwamba wengi wa wale wazee dawa ilishawamalizia ugonjwa, hawaambukizi mtu, kilichobaki ni alama tu. Nilimwitikia. Lakini kuitikia ni jambo moja, na kumshika mtu mkono usio na vidole ni jambo jingine.

Vyumba vya kambi vilipangwa mistari miwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, kila chumba vitanda viwili vya kamba. Wazee walikula ugali wa muhogo na maharage katika mabakuli ya bati, na wale waliokuwa hawana vidole walifungiwa kijiko mkononi kwa kitambaa. Ijumaa palikuwa na wali na samaki mkavu. Kwa hiyo Ijumaa kila mtu alitaka kuwa nadhifu, na hapo ndipo ilipokuwa balaa. Walijinyoa kwa vipande vya nyembe wakivishika kwa viganja viwili, na kwa kuwa sehemu za nyuso zao zilikuwa zimekufa ganzi, mtu alijikata asijue. Nilikuwa nikishinda Jumamosi nzima nikiosha mikato iliyoingia uchafu. Siku moja Nesi Felista aliweka mkasi wake mezani akasema, "Kondo, nimechoka. Kuanzia wiki ijayo utawanyoa wewe." Nikamwambia sijui. Akasema, "Nenda chumba cha mwisho, kwa Mzee Mwinyimvua. Yeye anajua."

Mzee Mwinyimvua alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa mjini, karibu na soko, na kwa miaka mingi hapakuwa na bwana harusi wa Bagamoyo aliyeingia ukumbini bila kupita mikononi mwake. Kisha vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja, baka likatokea shavuni, na wateja wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Nilipomkuta mimi, mikono yote miwili ilikuwa imefungana kama makucha. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mwenye sauti ya chini. Nilimpa shikamoo nikiwa mlangoni.

"Marahaba. Ingia, mlango hauumi." Alinitazama mikono kwanza, uso baadaye. "Umewahi kushika wembe wa kukunja?"

"Sijawahi, mzee."

"Afadhali. Hujajifunza makosa ya mtu mwingine."

Chini ya kitanda alikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo, katika kitambaa kilicholowa mafuta kidogo, ulikuwamo wembe wake wenye mpini wa pembe. Hakuweza kuufungua mwenyewe. Alinielekeza nami nikaufungua, kisha akanitazama nikiupitisha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa msumarini, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata, kwenda na kurudi, mpaka akaridhika. Wiki ya kwanza sikumgusa mtu. Nilinyoa chupa. Aliniambia niipake povu la sabuni, niushike wembe umelala, kisha niliondoe povu lote kioo kisilie. Kioo kililia siku tatu mfululizo. "Umeusimamisha," alikuwa akisema, hata akiwa amefumba macho. "Mgongo wa wembe usipande juu ya shavu zaidi ya unene wa kidole. Na usiusukume. Wembe haukati kwa nguvu, unakata kwa kutembea."

Hata leo ninaponyoa kwa hizi mashine za plastiki, huyasikia maneno yake yakifuatana. Kwanza maji ya moto na kitambaa, mpaka ndevu zilainike. Kisha uzipapase kwa vidole, uzijue zimelala wapi, kwa sababu shavuni zinashuka, lakini kooni kila mtu ana njia zake, nyingine zinapanda, nyingine zinazunguka kama maji ya kisimani. Mkono wa kushoto uivute ngozi, wa kulia upitishe wembe, kifupi kifupi, kuanzia sharafa, karibu na sikio, kushuka hadi kwenye taya, kila mpeleko ukilalia kidogo juu ya ule uliotangulia. Kidevuni upunguze mwendo. Juu ya mdomo uinue ncha ya pua. Na siku zote ufuate ndevu zilivyolala. "Wahindi na Waarabu watakuomba uwarudie kinyume, ili shavu liwe kama la mtoto," alisema. "Wao ndevu zao zimenyooka. Zetu zimejikunja. Ukizikata kinyume zinarudi ndani ya ngozi kama mwiba, wiki ijayo mteja ana vipele na wewe huna mteja." Nilimuuliza nitajuaje kama nimemkata mtu ambaye hasikii maumivu. "Mtu mwenye afya hukuambia kwa nyusi," alisema. "Sisi nyusi zenyewe hatuna. Basi sikiliza wembe. Ukikwaruza kama panya kwenye makuti, uko kwenye ndevu. Ukinyamaza, uko kwenye nyama."

Nilianza na yeye. Nilimshika shavu la kushoto, lenye baka, na lilikuwa na joto. Sijui nilitarajia nini. Nililivuta, nikapitisha wembe, ukakwaruza kama alivyosema, na tangu siku ile sikuwa tena na haja ya kujisugua mikono kwa magadi, ingawa mjini niliendelea kusema bohari ya korosho. Kila Ijumaa asubuhi wazee walikaa kwenye benchi nje ya chumba chake wakingoja zamu, na yeye alikaa mlangoni akinisimamia kwa masikio. Nilikuwa nikiupangusa wembe kwa spiriti kila nilipomaliza mtu. Walizungumza, na mimi nilisikiliza. Nilisikia nani aliletwa kambini kwa gari la serikali na nani alikuja kwa miguu, nani mkewe kaolewa na nani mashamba yake yamegawanywa. Mzee Mwinyimvua hakutia neno. Nilipomuuliza siku moja kama ana watu, alijibu, "Nina binti. Mama yake aliwaambia watu kwamba nilikwenda Pemba kutibiwa nikafia huko. Wamenisomea hitima, nimeambiwa wali ulikuwa mwingi." Kisha akaniuliza, "Na wewe, mjini wanajua unafanya kazi wapi?"

"Wanajua," nilisema.

Binti alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Alituma salamu kwanza kupitia muuza mananasi mmoja, kwamba atakuja Alhamisi. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita. Mzee hakula asubuhi ile. Alitaka kanzu yake nyeupe, alitaka kofia, alitaka anyolewe ingawa haikuwa siku yake. Nami nilitaka binti yake amwone baba yake kama alivyokuwa enzi za kibanda. Nilimnyoa mara ya kwanza nikifuata ndevu, ikatoka vizuri. Ningeachia hapo. Lakini niliona vindevu vyeupe vimebaki chini ya shavu, na yeye alikuwa akizungumza, akiulizauliza kama muuza mananasi amepita, hakuwa akiusikiliza wembe. Nikampaka povu upya nikamrudia kinyume, kutoka kwenye taya kwenda juu. Nikasikia hatua nje, nikageuka, na mkono ukageuka nami. Nilipangusa povu haraka, nikaufunga wembe, nikasogea kando.

Zaituni alisimama mlangoni amejifunika buibui, ana miaka kumi na tisa hivi, ana paji la uso la baba yake. Alikuwa amejitayarisha kwa vidole na kwa mikono, hilo lilionekana. Lakini alichokiona kilikuwa kingine.

"Baba," alisema, "unatoka damu."

"Wapi?" Mzee aliinua kiganja chake akajigusa shavu la kulia. Damu ilikuwa kushoto, ilikuwa imeshashuka shingoni na kuingia kwenye ukosi wa kanzu. "Wapi, mwanangu?" Akajigusa kidevu. Zaituni alifunika mdomo kwa upande wa buibui. Nikachukua jiwe la shabu, nikalilowesha, nikalikandamiza kwenye mkato mpaka damu ikasita. Mkato ulikuwa na urefu wa punje mbili za mpunga. Mzee aliniangalia, akaelewa kwamba nimemrudia kinyume, wala hakunilaumu mbele ya mgeni. Aibu ya siku ile haijanitoka. Miaka sita binti hajamwona baba yake, na nilichomwonyesha mimi ni mtu asiyejua damu yake inatokea wapi.

Nilitaka kutoka, mzee akasema nibaki niishike shabu. Kwa hiyo niliyasikia yote. Zaituni alikuwa ameposwa na kijana wa Mlingotini, fundi wa cherehani, na alikuwa akimpenda. Watu wa kijana wanajua kwamba baba wa bibi harusi ni marehemu. Baba yake mdogo, Salehe, ndiye atakayemwozesha. "Lakini nilisoma chuo cha Kurani, baba," alisema. "Baba akiwa hai, walii, mwenye haki ya kuniozesha, ni baba. Baba mdogo akiniozesha bila ya ruhusa yako, ndoa haisihi. Nitaishi na mume wa watu katika haramu."

"Umemwambia mama yako hivyo?"

"Nimemwambia. Akaniuliza, unataka kuolewa au unataka kusoma?"

Mzee aligeukia mlangoni. Nje mtu alikuwa akitwanga. "Nikija," alisema, "watanipa kiti?" Zaituni aliinamia mapaja yake na mabega yakawa yanatikisika. "Basi usilie. Nimeuliza tu." Akaniagiza nimwite Mzee Kibwana wa chumba cha pili, aliyekuwa akiwasalisha, ili tuwe mashahidi wawili. Tulipokaa, aliinua sauti kidogo, akasema kwamba amempa uwakala ndugu yake Salehe amwozeshe binti yake Zaituni kwa mume aliyemridhia, kwa mahari waliyokubaliana. "Salehe mbele za watu atasema atakavyosema," aliongeza. "Mbele ya Mungu mimi nimekwisha kusema." Binti alipoondoka alimbusu baba yake kiganja, mahali ambapo vidole vilijikunja, na mzee aliutazama mkono wake kama anayesubiri kitu, kwa kuwa pale pia hakuwa akisikia.

Alinituma mimi niende harusini. Nilivaa kanzu ya kuazima, nikakaa nyuma kabisa kwenye mkeka, katika ukumbi wa nyumba iliyopakwa chokaa mpya. Bwana harusi alikaa katikati, kijana mpole, mdogo wa mwili. Kabla ya kuozesha, Salehe alisema anasimama badala ya marehemu ndugu yake, na sheikh akawaomba watu wamsomee Fatiha marehemu. Mikono yote ikainuka. Nikaona jirani yangu ananitazama, nikainua na yangu. Nimewasomea Fatiha watu wengi baada ya hapo, wazazi wangu, wenzangu, na mke wangu, lakini ile moja huniamsha mpaka leo, kwa sababu niliisoma mpaka mwisho, kwa sauti, nikaitikia na amin, hali namjua mtu mwenyewe na ninajua saa ile anakunywa uji. Baadaye wakaleta pilau na mimi nikala.

Nilirudi kambini kesho yake. Alikuwa amekaa kitandani, uso kuelekea mlangoni.

"Imepita?"

"Imepita salama, mzee."

"Nilitajwa?"

Njia nzima nilikuwa nikitengeneza jibu. "Walikuombea dua."

"Dua ya namna gani?" Akangoja, kisha akaniambia polepole, "Kondo, dua ziko nyingi. Ya safari, ya mgonjwa."

"Walikusomea Fatiha."

"Na wewe uliitikia amin?"

"Niliitikia."

Alitikisa kichwa kidogo. "Ungefanyaje. Fatiha haiozi, itakuja kunifaa." Kisha akauliza bwana harusi alinyolewa vipi. Nikamwambia alikuwa na vipele shingoni, vibichi. "Walimpitisha kinyume," alisema mzee, na kwa muda uliobaki wa asubuhi ile alizungumzia shingo ya yule kijana, jinsi ambavyo yeye angeipapasa kwanza, angeanzia wapi, angeishia wapi, angempa siku mbili kabla ya harusi ili ngozi itulie. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Hakumtaja binti yake hata mara moja.

Miezi ile Bi Tatu naye aligundua. Mtu aliniona kambini akaenda kumwambia. Nilikuwa chumbani, nimetoka kuoga, nikamsikia barazani akimwambia jirani yake, "Kikombe chake nimekitia alama ya msumari. Kumfukuza siwezi, ni mtoto wa watu. Lakini sinia, hapana." Jioni nililetewa chakula changu peke yangu, mlangoni, kwenye sahani yenye alama. Wali ulikuwa mzuri, alinipakulia na kipande kikubwa cha samaki. Nilikula chote nikiwa nimekaa kitandani, na nilimfikiria mzee aliyekula hivyo miaka sita. Mwisho wa mwezi nilihamia kambini. Nilipomwambia mzee kwamba nilimdanganya, kwamba mjini hawakuwa wakijua, alisema, "Nilijua. Mtu ambaye kwao wanajua hanawi mikono mara tatu."

Masika yalipoanza, kidonda cha mguu wake kilivimba na homa ikapanda. Nesi Felista alimchoma sindano siku tisa. Ijumaa ya mwisho alitaka anyolewe kama kawaida, nikamnyoa akiwa amelala, nikifuata ndevu zilivyolala, sikurudia. Aliniambia, "Nikienda, usimpelekee barua. Barua itasomwa na mwingine. Nenda mwenyewe." Alifariki Jumapili alasiri. Tulimzika kesho yake nyuma ya mikorosho, mvua ikinyesha, wazee wanne waliojiweza na mimi, na Nesi Felista amesimama kando na mwavuli. Siku iliyofuata nikapanda baiskeli kwenda Mlingotini.

Nyumba niliipata kwa kuuliza. Zaituni alikuwa uani peke yake, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, ana mimba iliyokwisha kuonekana. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango uko wazi, namsikia akikohoa. Zaituni aliponiona alijua kabla sijasema, lakini mkono haukuacha kukuna. Nilichutama kama mtu anayeuliza njia.

"Lini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumapili, alasiri. Tumemzika jana, kwa dini yake."

Alikuna mara mbili, tatu. Katika nyumba ile baba yake alikuwa ameshakufa miaka saba iliyopita, alishaliliwa na kusomewa. Hapakuwa na namna ya kumlilia tena. "Alikuwa amenyolewa?" aliuliza.

"Ijumaa. Nilimnyoa mimi."

"Hukumkata?"

"Sikumkata."

Aliinamisha kichwa, na chembe za nazi zilizokuwa zimemganda kwenye vidole akazipangusa taratibu kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, vyote kumi. Ndani kikohozi kilikatika na mama mkwe akaita, "Zaituni, ni nani huyo?"

Alinitazama. Alikuwa na macho makavu kabisa.

"Si mtu, mama," alijibu. "Kapotea nyumba."

Nikasimama, nikachukua baiskeli yangu. Nilipofika kwenye kona ya ua nilisikia nazi imeanza kukunwa tena, kwa haraka, kama wanavyokuna watu waliochelewa kupika.